Farasi Watano na Eka Kumi za Isinya

Shangazi, salamu kutoka Lang'ata.

Husoma majibu yako kuhusu urithi na ploti za mabroka. Yangu nayo ni ya ardhi, ila ndani yake kuna farasi watano, kwa hivyo tafadhali usicheke.

Marehemu baba alikuwa saisi. Aliingia mazizi ya Karen akiwa kijana, kuosha farasi na kuwatandika, akatoka na mgongo mbovu na barua moja ya shukrani. Sisi watoto tulilelewa katika chumba cha nyuma ya zizi. Nilijua kukagua kwato kabla sijajua kusuka nywele. Miaka tisa iliyopita niliachiwa farasi wawili waliostaafu mbio pale uwanja wa Ngong, kwa bei ya karibu na bure, maana farasi aliyestaafu anakula sawasawa na yule anayeshinda. Nikakodisha eka tatu hapa Lang'ata kwa mzee mmoja, nikasimamisha mabanda ya mbao na mabati, nikaanza kufundisha watoto kupanda farasi Jumamosi na Jumapili. Leo nina farasi watano, masaisi wawili na wanafunzi thelathini hivi shule zikiwa zimefunguliwa, kila mmoja shilingi 2,500 kwa somo. Sijatajirika, lakini karo ya wanangu imetoka hapo.

Mzee alifariki mwaka jana. Mapatano yetu yalikuwa ya mdomo tu, yeye na mimi na kikombe cha chai. Watoto wake wameamua kuuza. Walinijia kwa heshima, siwezi kuwasingizia. Wakaniuliza kama ningependa eka moja kabla hawajaita watu wa nje. Waliponitajia milioni 48 nililikalia debe la chakula cha farasi. Mteja waliye naye ni mjenzi wa nyumba za kuuza, anataka kuweka nyumba 24. Alikuja kutazama, akapita mbele ya mabanda yangu, akamuuliza fundi wake, "Kubomoa hivi vibanda ni siku ngapi?" Nilikuwa nimesimama hapo hapo na beseni la maji mkononi. Nimepewa hadi Desemba.

Sasa kuna broka ameniletea kile anachokiita shamba la farasi, Isinya, eka 10, kila eka milioni 1.8. Anasema wenye farasi wote wanahamia Kajiado na kwamba bei itakuwa maradufu baada ya miaka mitatu. Mwenye shamba amekubali nilipe kwa awamu kwa miezi 18, lakini asilimia 10 ya kwanza itoke kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu kuna mteja mwingine "kutoka Karen". Nilikwenda kuliona mwezi wa Agosti. Ardhi tambarare, udongo mweusi, upepo mzuri. Kando ya ua tulikuta pundamilia tisa, binti yangu akafurahi hadi akasahau chakula.

Nina akiba ya milioni 2.2 kwenye Sacco, na Sacco hunikopesha mara tatu ya akiba yangu, yaani milioni 6.6. Dada yangu ataongeza milioni 3. Hiyo ni 11.8, na nyingine nitaitafuta nikiendelea kulipa. Kaka yangu anasema niuze farasi, ninunue ploti mbili Kitengela, nikae nisubiri pesa. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, mradi nyumba yetu ya Rongai isiwekwe dhamana.

Ninunue, nikodishe, au niuze farasi?

Mama Farasi

*

Mama Farasi, mwanangu,

Sikucheka. Nilicheka tu uliposema umelikalia debe, kwa sababu najua ni debe la aina gani na najua lilivyo chini.

Nianze na yule mjenzi, kwa kuwa swali lake kwa fundi lina ukweli wote wa soko hili. Wewe unaona mabanda, uwanja wa mazoezi uliomwagia mchanga kwa miaka tisa, na mti ule wa mugumo unaotoa kivuli saa saba mchana. Yeye anaona futi za mraba. Eka moja ni futi 43,560. Ukiondoa barabara ya kupita unabaki na ploti nane za 50 kwa 100. Eka tatu, nyumba 24. Milioni 48 kwa eka ni milioni 6 za udongo chini ya kila nyumba, na yeye ataiuza nyumba hiyo kwa bei itakayomrudishia hizo zote na faida juu. Ukitaka kumfikia kwa masomo ya 2,500, eka moja tu ni masomo 19,200, kabla farasi hajala. Hamshindani, mwanangu. Kila mmoja yuko katika biashara yake.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla hujamjibu broka. Nairobi hakuna bei ya "shamba la farasi". Kuna bei ya ploti. Zizi lako likiwa zuri kiasi gani, mthamini ataliandika chini kabisa ya ukurasa, na mnunuzi atakata gharama ya kulibomoa. Mahali farasi anapopandisha bei ya ardhi ni pale sheria inapomlinda. Lexington, huko Kentucky, mji ulijichorea mpaka mwaka 1958, na tangu 1999 mashamba yaliyo nje ya mpaka huo hayakatwi chini ya eka 40. Mtu akinunua huko hana ndoto ya ploti nane, kwa hivyo anahesabu uzio, anahesabu mabanda, anaonja maji. Sisi hatuna mpaka wa namna hiyo. Eka ya Karen imepita milioni 50, na kila familia inayofunga zizi kwa sababu watoto wamekwenda kusoma ng'ambo inapigiwa simu na mabroka watatu kabla ya Ijumaa.

Wala si jambo la juzi. Ukishuka mjini kuna barabara inayoitwa Racecourse, karibu na Kariokor, na vijana wanaopita hapo na mikokoteni hawajui jina lilitoka wapi. Mbio za farasi zilikuwa upande ule. Mji ukanenepa, zikahamishiwa barabara ya Ngong mwaka 1954, wakati ambapo kule kulikuwa nje ya mji. Leo "nje ya mji" huko kuna foleni ya magari. Farasi wa Nairobi ameishi miaka yote akisukumwa na nyumba. Tena ukipita Karen utaona mitaa mipya yenye farasi wa chuma juu ya lango, na ndani hakuna mahali hata pa kumfunga punda.

Sasa Isinya. Broka amekuambia wenye farasi wote wanahama. Wako wanaohama, ni kweli: kuelekea Naivasha, Gilgil, Nanyuki. Lakini waulize wanaishi kwa nini. Mmoja anazalisha, mwingine anacheza polo, mwingine ana wageni wanaofika kwa ndege na kulala siku nne. Wewe unaishi kwa mtoto wa miaka tisa anayeletwa na mama yake Jumamosi saa tatu, akipanda kwa muda wa saa moja, akirudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Isinya ni karibu kilomita 60 kutoka mjini, na njia ya Mlolongo na Kitengela Jumamosi unaijua. Huyo mama atakuja mara ya kwanza kwa mapenzi, mara ya pili kwa aibu, ya tatu hutamwona. Utakuwa na eka kumi na wanafunzi wanne.

Na hizo eka zenyewe ulizikagua Agosti. Udongo mweusi hautazamwi Agosti. Rudi Aprili, mvua ikiwa imepiga wiki mbili, uende na buti. Utaona udongo unavyomshika farasi hadi kwenye kifundo na kuvua kiatu cha chuma kilichopigwa jana. Kisha rudi Februari uone nyufa za kuingia kwato nzima. Farasi anaweza kuishi juu ya udongo ule, ila utanunua changarawe malori kwa malori, na malori hayamo katika ile milioni 1.8.

Pundamilia wale tisa ndio walionifanya niweke barua yako chini. Wewe ni binti wa saisi, unaujua ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaovimbisha macho na kujaza mapafu maji. Unaenezwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma kuanzia jioni hadi alfajiri, na huwa vingi mvua inapofuatwa na joto. Pundamilia anabeba virusi hivyo na hata hakohoi. Farasi akishikwa na ile aina ya mapafu, kati ya kumi haponi zaidi ya mmoja. Niliwahi kufika kwa jamaa yangu upande wa Kapiti baada ya masika mazito. Asubuhi farasi wake alikuwa amekula vizuri. Saa kumi jioni alikuwa amesimama na miguu ya mbele ameitanua, shingo ameinyoosha, povu jeupe linamtoka puani kama maziwa yaliyochemka. Hakufika usiku. Kwa hiyo chanjo kila mwaka, bila kuruka, na farasi wote ndani kabla jua halijazama. Lang'ata pia unafanya hivyo, najua. Lakini huko utakuwa unaishi mlango kwa mlango na kundi linaloubeba.

Maji nitayapitia haraka. Farasi mmoja weka lita 40 kwa siku, watano ni 200, mwezi ni lita 6,000 kabla hujaosha hata tandiko. Bauza, lile lori la maji, litakuja likipenda. Kisima kirefu cha kule kinaweza kwenda mita 200 chini. Andaa milioni mbili hadi tatu pamoja na pampu, uombe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, halafu ukapime floridi na chumvi, kwa maana Kajiado unaweza kuchimba pesa zote ukapata maji yasiyonyweka. Na usidanganywe kwamba eka kumi zitalisha. Kiangazi utanunua nyasi kavu za boma rhodes kama kawaida: kilo kumi kwa kila farasi, marobota matatu na zaidi kwa siku, mia kwa mwezi, sasa na nauli ya lori juu yake.

Tuje kwenye hesabu yako, maana ina tundu. Umejumlisha akiba milioni 2.2 na mkopo milioni 6.6 kana kwamba ni pesa mbili. Akiba ya Sacco ndiyo inayoshika mkopo, ukikopa, huitoi. Una 6.6 na 3 za dada yako, basi, 9.6. Upungufu ni milioni 8.4, si 6.2. Na ule mkopo kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio, ukiulipa kwa miaka mitano, ni kama shilingi 147,000 kila mwezi. Wanafunzi thelathini kila wikendi wanakuletea 300,000 kwa mwezi wa shule, na hapo hujalipa masaisi, daktari wa mifugo, fundi wa kwato wala marobota. Agosti na Desemba shule zimefungwa. Utamlipa nani kwanza, Sacco au muuza nyasi?

Kuna jambo jingine ambalo broka hatakuambia, pengine hata yeye halijui. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi la idhini linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Likichelewa, mkataba unabatilika. Wewe unaambiwa ulipe kwa miezi 18. Nimeona watu wamelipa mwaka mzima kwa uaminifu, ardhi ikapanda bei, mwenyewe akawarudishia pesa zao na "pole". Huko Kajiado hatimiliki nyingi zilitokana na ranchi za vikundi kugawanywa, kwa hivyo upekuzi kwenye daftari la ardhi hautoshi. Nenda ukakae na familia, mke au wake wa muuzaji wakiwepo, majirani wakuonyeshe bikoni za mpaka. Senti ya kwanza iende kwenye akaunti ya wakili. Huyo mteja mwingine kutoka Karen nimeanza kumsikia kabla hujazaliwa, na bado hajafika.

Kwa hiyo Isinya, hapana. Si kwa sababu bei haitapanda, inaweza kupanda. Itapanda kama ploti, na wewe utakuwa umeitunza kwa pesa za farasi.

Kaka yako ana nusu ya ukweli. Kama swali lingekuwa tu "niweke wapi milioni tatu", ploti moja yenye hatimiliki safi ni jibu la heshima. Lakini anasema "uza farasi" kama mtu anayesema uza viti. Farasi wa mbio mwenye miaka 17 atauziwa nani? Farasi wako wana thamani wakiwa na mtoto mgongoni, mahali ambapo mtoto anafika.

Kodisha. Na usianzie mbali, anzia hapo ulipo.

Mzee alifariki mwaka jana. Waulize watoto wake, kwa adabu ile ile waliyokujia nayo, kama hati ya usimamizi wa mirathi imethibitishwa na mahakama. Kutolewa kwa hati ni hatua moja, kuthibitishwa ni nyingine, na kwa kawaida miezi sita hupita katikati. Ardhi ya marehemu haiuzwi kabla ya hapo. Mjenzi naye akishanunua atahitaji vibali vya kaunti na vya mazingira kabla hajaleta tingatinga. Desemba ni tarehe ya kwenye maongezi. Katika muda huo wote eka tatu tupu Lang'ata zinahitaji mlinzi, nazo zikiachwa wazi asubuhi moja utakuta kibanda cha mtu. Wewe na masaisi wako ndio walinzi, tena mnaolipa. Waombe karatasi: mtakaa mkilipa mwezi kwa mwezi, mkipewa notisi ya miezi mitatu kazi itakapokaribia. Sidhani watakataa. Mkwe mmoja akileta kelele, mwonyeshe hesabu ya kampuni ya ulinzi kwa mwezi.

Wakati huo tembea Karen, Hardy, Ngong na Kiserian ukitafuta mazizi matupu. Yapo, na watu wake ni wale wale niliowataja, watoto wamekwenda, mama mwenye nyumba amebaki na mabanda manne, saisi mmoja mzee asiye na kazi na nyasi zinazomshinda. Huyo hapendi kuuza bado. Anapenda kusikia kwato asubuhi. Lakini safari hii chai usiinywe bila wakili. Mkataba wa miaka mitano, ulioandikwa na kusajiliwa, kwa sababu wa zaidi ya miaka miwili usiposajiliwa hautakukinga vizuri mali ikibadilisha mkono. Uandikwe wazi kwamba atakayenunua ananunua na wewe ukiwa ndani, na kwamba mabanda unayojenga ni yako kuyabeba. Farasi wako wawili wakongwe wapeleke Naivasha au Gilgil kwa mtu anayetunza kwa malipo ya mwezi. Ubaki na watatu wanaofanya kazi. Milioni 3 za dada yako mwachie dada yako.

Ile 2.2 iache kwenye Sacco. Ukikopa, kopa kidogo, kwa mbao na uzio wa mahali papya. Na hapo nina ombi moja: usipige misumari. Mwambie fundi atoboe, afunge kwa nati na bolti, kila ukuta utoke mzima na kupakiwa kwenye kanta. Yule mjenzi akija tena kuuliza siku za kubomoa, mjibu wewe mwenyewe kwamba ni moja, na umwombe akushikie ngazi.

Niandikie ukishajua habari ya ile hati ya mahakama.

Shangazi